AB Hazai O

Shemasi Tak Byongchol wa kanisa letu hapa Naju alimchukia mwalimu wa kwaya kwa namna alivyokuwa anafuta miwani. Msinicheke mimi, mcheke yeye. Bwana Bang Inho ana duka la miwani karibu na soko, na ana mazoea ya kuvua ya kwake katikati ya mazoezi, akaipulizia, akaifuta kwa ncha ya tai taratibu huku macho yake yakielekea kwa waimbaji. Sisi wengine tuliona mtu anafuta miwani. Tak aliona mtu anamwangalia mke wake. Wivu ukishamwingia mtu, bwana, kila kitu kinageuka ushahidi, hata tai.

Mke mwenyewe anaitwa Guk Okrim, ila jina hilo analijua tarishi tu. Sote tunamwita Mama Eunsol, kwa jina la kifungua mimba wake, na mumewe humwita hivyo hivyo. Ana sauti nzito tamu, na amesimama kwenye safu ya pili ya kwaya tangu alipoolewa. Eunsol ni mwalimu kule Mokpo. Wa pili ni wa kiume, Jaegil, anaishi Gwangju na mkewe, na huyo Jaegil ndiye chanzo cha hadithi yote hii, ingawa maskini hakuwa na habari.

Yaani sisi watu wa hapa tuna ugonjwa mmoja. Kwingine damu ni jambo la hospitali. Kwetu damu ni tabia. Ukikutana na mtu mara ya pili unamuuliza ni A, B, O au AB, na akishajibu umeshamjua: A ni mwoga wa lawama, B anajipenda, O ana mkono wazi, AB ama ana akili nyingi kupita kiasi ama ni mwendawazimu. Kuna wasichana waliokataa posa kwa sababu ya B. Tak alikuwa AB na alitembea nayo kama cheo. Mkewe alikuwa O. Eunsol alipopimwa shuleni akaleta AB, baba yake aliwatangazia watu wote baada ya ibada: "Huyu ni mimi mtupu, hamna kilichopotea njiani." Tukacheka naye. Miaka ikapita, Jaegil akafika darasa la sita, akapimwa, akaleta O. "Huyo kamfuata mama yake," Tak akasema, na hakuwa na neno.

Neno alilipata bafuni. Nasema bafu la umma, lile la maji ya moto, ambako wanaume wa hapa huenda Jumamosi na watoto wao wa kiume, baba akamsugua mwana mgongo na mwana akamsugua baba. Siku hiyo Jaegil alikuwa anacheza kwenye maji baridi upande wa pili. Tak alikuwa ameketi kwenye bwawa la maji ya moto na Ma Dongsu, mtu aliyekuwa akiuzia zahanati mabomba ya sindano na pamba, na kwa sababu hiyo alijiona nusu daktari.

"Kijana wako naye AB?" Ma akauliza.

"O. Kama mamake."

Ma akapiga maji kwa kiganja. "Ebo. Wewe bwana, AB hazai O. Hukusoma? Hebu uwe unarudi mapema kutoka shambani, ujue nani anakunywa chai kwako."

Watu wote bwawani walicheka. Tak alicheka kuliko wote, maana usipocheka utani kama huo umejishtaki. Lakini alipotoka majini hakumwita mwanawe. Jaegil alikuja na kitambaa chake cha kusugulia, akageuza mgongo, akangoja. Tak akamwambia, "Mpe yule mzee anayesugua watu kwa malipo, mimi nimechoka." Kuanzia siku ile hakuwahi tena kuushika mgongo wa mtoto yule.

AB hazai O. Maneno matatu tu, na yakamkalia kooni kama mwiba wa samaki. Hakumuuliza mwalimu wala daktari wala, Mungu amsamehe, mke wake. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na mwanaume mwenye busara hapo ndipo anapolala usingizi wake. Tak hakulala. Alianza kumtafuta mwenye damu ya O, na hakumtafuta mbali. Siku gari la kukusanya damu lilipokuja kanisani, Bang Inho alikunja mkono wa shati akasema kwa sauti, "Mimi O, chukueni, inamfaa kila mtu." Kila mtu, Tak akarudia moyoni. Halafu Jaegil akapenda kuimba. Tak mwenyewe akiimba hata mbwa wa jirani huondoka. Basi, ikawa imekwisha: mtoto ana damu ya mwalimu wa kwaya, ana sauti ya kwaya, na mama anakwenda kwaya Jumatano na Jumamosi. Mkewe alipohitaji miwani ya kusomea, alikwenda dukani kwa Bang kama sisi wote. Tak aliwaza zile dakika ambazo vidole vya mtu yule vilimgusa mkewe nyuma ya masikio ili miwani ikae sawa, akashindwa kula chakula cha jioni.

Mngetegemea apige mtu, au amfukuze mke. Hakufanya hivyo. Alifanya kitu kibaya zaidi, alijifanya mtakatifu. Alijiambia kwamba yeye ni Yusufu. Yusufu naye alikuta mchumba wake ana mimba isiyo yake, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haki, akameza. Tak akameza. Kila Krismasi aliomba yeye mwenyewe sehemu ya Yusufu kwenye mchezo wa kanisa, akajifunga taulo kichwani, na akifika pale pa kumtazama mtoto horini machozi yalimtoka kweli kweli. Akina mama walisema, "Shemasi Tak ana roho laini." Roho laini wapi. Alikuwa anajililia. Na akishavua taulo anarudi nyumbani, Jaegil akimuuliza kitu anajibiwa kwa kichwa, akileta alama nzuri za shule zinawekwa mezani bila kusomwa. Eunsol alifundishwa kupogoa mipeasi tangu mdogo. Jaegil aliambiwa akasome ndani.

Sasa mwaka huu, majira ya kuchipua, mke wa Jaegil alikuwa na mimba kubwa. Mtoto alikuwa bado na jina la tumboni tu, Kunde, kama ilivyo desturi yetu kumpa aliye tumboni jina la mzaha. Jina la kweli hutoka kwa babu. Na katika ukoo wa Tak, kizazi kinachokuja kinabeba silabi Hwan. Ukiitwa Hwan fulani, Tak yeyote nchi hii atajua wewe ni mjukuu wa safu gani na nani ni mkubwa kwako. Jaegil alikuja akaketi mbele ya baba yake, magoti pamoja, akasema, "Baba, tunaomba jina." Tak akasema, "Nitafikiria." Mwezi ukaisha. Akaombwa tena. "Nafikiria." Moyoni aliapa kwamba mjukuu wa Bang Inho hataitwa Hwan, hata mbingu zishuke. Kumlea mtoto wa mwingine aliona ni kama Yusufu. Kumpa jina la ukoo, hapana.

Nao ulikuwa wakati wa kazi kubwa. Mipeasi yetu hapa ina maua mazuri, lakini chavua yake haizalishi. Lazima ununue chavua ya aina nyingine, uichanganye na unga mwekundu, halafu upite ua kwa ua na kishada cha manyoya kwenye fimbo, ukigusagusa. Kanisa husaidiana kazi hiyo. Kwaya ilifika shambani kwa Tak asubuhi na mapema, na Tak, aliyekuwa juu ya ngazi, alimwona Bang na Mama Eunsol wakifanya mstari mmoja.

"Mwalimu, pole pole, ua haliendi popote," Mama Eunsol alikuwa akimtania.

"Mama, nikienda pole pole mumeo atanikata posho."

"Posho gani, utakula tambi kama wenzako."

Wakacheka. Tak akagusa ua moja mara kumi. Miaka yote hiyo alipakaza chavua ya shamba la watu kwenye miti yake, na mapeasi yakaja, akayaita yangu, akayapeleka sokoni kwa jina la shamba la Tak, na hata mara moja hakuona ajabu. Nilimwambia wakati mmoja, "Shemasi, mti wako huu ungekuwa mtu ungeshapigwa talaka." Hakucheka.

Ndipo mchungaji wetu mpya alipoanzisha darasa la watu wazima, Jumapili baada ya chakula, kuhusu mwanzo wa uhai. Ni kijana, hakujua anachokichokoa. Alimwalika Seon Migyong, binti wa kanisa hili hili, mtaalamu wa mbegu katika kituo cha utafiti wa mapeasi. Tunamwita daktari, ingawa hajui sindano. Migyong alikuja na peasi moja na kisu, akalikata katikati, akatuambia kwamba ndani ya kila chembe ya peasi lile kuna maandishi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, na ndani ya kila chembe yetu kuna maandishi ya herufi hizo hizo, na sehemu kubwa yanafanana.

"Yaani mimi ni ndugu wa peasi?" akauliza Bibi Pyo, mkubwa wa akina mama wote kanisani.

"Wa mbali, bibi."

"Afadhali. Wa karibu wananisumbua."

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa, akasema Mungu aliumba kila kitu kwa jinsi yake, kila mmea kwa mbegu yake. Bibi Pyo akamgeukia. "Jinsi yake wapi, na kila mwaka tunazunguka na manyoya tukiombaomba unga kwa majirani?" Watu wakacheka mpaka tambi zikawapalia. Mwingine akauliza, na ile chembe ya kwanza kabisa, kabla ya miti na watu, ilipata wapi uhai? Migyong aliweka kisu chini. Alisema wenzake wana makisio mengi, kuna wa maji ya moto chini ya bahari na wa matope, na yeye hayachukii, maana Maandiko yenyewe yanataja mavumbi. "Naamini Mungu alitaka tuwepo," akasema. "Alivyofanya hatua kwa hatua sijui. Nikisema najua, nitakuwa naongopa, tena kanisani." Mzee wa kanisa hakupendezwa. Bibi Pyo alipendezwa, na alipopendezwa akaleta swali ambalo, nadhani, ni sisi tu duniani tungeweza kuliuliza.

"Basi tuambie, binti. Yesu alikuwa damu gani?"

Ukumbi ukachemka. Bibi Pyo mwenyewe alisema ni O, kwa sababu anampa kila mtu. Mwingine akasema A, maana alikuwa mpole. Bang Inho akavua miwani, akaipulizia, akasema, "Mimi nadhani AB. Mwenye AB anaweza kupokea damu ya mtu yeyote, na yeye anatupokea sote." Akamtazama Tak akatabasamu, akijua kuwa Tak ni AB na akitaka kumfurahisha. Tak alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia: wewe unapokea vya watu. Uso ukamwiva. Akashika kikombe chake cha karatasi cha kahawa hadi kikabonyea, na mtu wa karibu naye akadhani ameungua.

Kisha mchungaji, kwa bahati mbaya, akauliza kama Yusufu hakuchangia kitu, ile nusu ya baba ilitoka wapi. Migyong akasema hapo anafika mwisho wa kazi yake. "Ninachoweza kusema ni kwamba ile orodha ndefu ya mababu inamfikia Yusufu, si mwingine. Mwandishi alijua Yusufu hakuzaa, na bado akaipitisha kwake." Mjadala ukaendelea, lakini Tak hakusikia zaidi. Watu walipotawanyika, na akina mama, Mama Eunsol akiwemo, walipokuwa jikoni wakiosha mabakuli, alimfuata Migyong aliyekuwa akifuta kisu chake kwenye kona.

"Daktari, nina jirani," akasema.

"Ndiyo, shemasi."

"Yeye AB. Mkewe O. Wakazaa mtoto wa O. Ati AB hazai O. Ni kweli?"

"Kwa kawaida ni kweli. AB na O huzaa A au B."

Mtanishangaa nikisema kwamba Tak alisikia raha. Ilikuwa ni raha chungu, ya mtu aliyeambiwa kidonda chake ni kidonda kweli. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama Yusufu kwenye mchezo.

"Huyo jirani ana mtoto mwingine?" Migyong akauliza.

"Binti."

"Damu gani?"

"AB," akasema, na hata pale kifua kikamtanuka. "Kama baba yake."

Migyong akasimamisha kitambaa. Halafu akacheka. "Basi jirani yako kameza nusu ya neno. AB hazai O, sawa. Na O hazai AB vile vile. Kama mtoto wa kiume si wa baba, basi kwa sheria hiyo hiyo, huyo binti si wa mama."

"Aa, haiwezekani. Mama yake kamzaa, mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni nikimsikia anavyolia."

Neno likishatoka halirudi. Tak alijua amejifunua, na Migyong alijua, na kwa adabu akaangalia kisu. Akavuta koti lake, akamwonyesha mifuko. Kila mtu, alisema, ana mifuko miwili ya jambo hili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, na akizaa anampa mtoto mfuko mmoja tu. Mwenye O ana mifuko mitupu yote miwili. Mwenye AB wa kawaida ana A huku na B kule, kwa hiyo hawezi kutoa mfuko mtupu. "Lakini wapo watu wachache, na hapa kwetu kusini wanapatikana kuliko kwingine, wenye A na B zote kwenye mfuko mmoja, na wa pili unaweza kuwa mtupu. Mtu huyo anampa mtoto yote au hampi kitu. Mama akiwa O, watoto ni AB au O. Hana mwingine. Wa jirani yako ni AB na O, siyo?"

Tak akaketi kwenye kiti cha mtoto wa shule ya Jumapili, magoti yakafika kifuani. Ushahidi ulikuwa umekaa mezani kwake, unakula wali wake, tangu siku Eunsol alipoleta AB yake nyumbani, na yeye aliutangaza mbele ya kanisa zima kwa fahari. Alichambua damu ya mmoja mpaka kwenye mfupa. Ya mwingine hakuichambua kabisa, kwa sababu ilimsifu.

"Kwa hiyo mtoto ni wake?"

"Nimesema inawezekana, shemasi. Sijasema ni wake. Mimi naweza kuondoa lile neno lililokuwa limemfunga mama. Yaliyobaki ni ya mume na mke. Akitaka kabisa kuna kipimo, mate kidogo tu."

Tak alikwenda nyumbani kwa miguu, akampita mkewe njiani bila kumwona, akafika akamngoja uani. Mama Eunsol alipofika alivaa aproni, akaanza kupaka chumvi figili changa za kimchi, achari yetu ya kuchachusha.

"Mama Eunsol," Tak akasema. "Jaegil ni wangu."

Mikono ya mke haikusimama. "Nani kakwambia?"

"Migyong. Kumbe damu yangu ni ya aina ya—"

"Mimi nilikwambia siku niliyomzaa. Nilikwambia, Baba Eunsol, umepata mtoto wa kiume. Hukusikia?"

Tak akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijua?"

"Nilijua ulipoacha kumsugua mgongo. Nikamwendea mke wa Ma Dongsu, akanieleza huo utani wenu wa majini. Nikasema, ataniuliza leo. Hukuuliza. Nikasema kesho. Nikaona basi, akiniuliza nitamjibu, lakini siapi kwa mtu ambaye hajanishtaki. Umenishtaki kimya kimya ujana wangu wote. Nikienda kwaya unanihesabia hatua, nikirudi unaninusa kama mbwa wa forodha. Unadhani sikuona?"

Mimi kwa hapo namlaumu kidogo yule mama. Kiburi chake kilikuwa cha haki, lakini katikati palikuwa na mtoto. Angepaza sauti mara moja tu, sahani mbili zivunjike, yaishe. Ila mimi si mke wa Tak.

"Kipo kipimo," Tak akasema, na hapa ndipo mtakapojua wivu ulivyo mnyama mgumu, hata ukikatwa kichwa mkia unacheza. "Mate kidogo tu. Siyo kwamba sikuamini. Ili tumalize kabisa."

Mama Eunsol akasimama, akakung'uta chumvi mikononi.

"Kapime. Ila ukirudi na jibu, liwe zuri liwe baya, mimi hunikuti. Huyo Yusufu unayemwigiza na taulo kila mwaka, yeye alipimwa wapi? Alilala, akaamka, akamchukua mkewe, mtoto akazaliwa, akampa jina. Kwisha."

"Yusufu alitokewa na malaika."

"Na wewe umetokewa na mtaalamu wa mapeasi. Unataka nini zaidi?"

Tak alijaribu kumfikiria Bang Inho, kwa mazoea tu, na hasira ikaja kama kawaida, ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Ilimtisha kuona kwamba bila hasira ile hakujua amwangalie mkewe kwa macho gani. Miaka yote alijiona amesamehe dhambi kubwa. Kumbe msamehevu hakuwa yeye.

"Sitapima," akasema mwishowe.

"Jaegil anakuja sasa hivi kuchukua kimchi ya mkewe. Mpe jina. Na umwambie kwa nini lilichelewa."

"La pili hilo, Mama Eunsol, si lazima. Kwa nini tumuumize?"

"Usipomwambia, na jina usimpe."

Jaegil alifika jua likiwa bado juu, akaegesha gari nyuma ya banda la kupakia matunda, akaja akifuta mikono yake, mikono ya fundi ambayo haitakati. Alimsalimu baba yake kwa kuinama kama mgeni anavyomsalimu mwenye nyumba. Tak alimwita bandani, akamketisha kwenye kreti, naye akabaki amesimama. Alikuwa amejipangia maneno mazuri, yote yakatoroka.

"Nimepata jina la Kunde," akasema. "Hwangyol. Akiwa wa kike, Hwanhui."

Jaegil akainua macho. "Hwan," akasema polepole. "Ahsante, Baba. Tulishakata tamaa. Mke wangu alisema labda ukoo hautaki."

"Ukoo hauna neno. Ni mimi." Akavuta pumzi, akamwambia. Alimwambia ya bafuni, ya Ma Dongsu, ya AB na O, na ya mifuko miwili ya koti. Jina la mwalimu wa kwaya alitaka kuliruka, akalisema. Hakujitetea, namsifu kwa hilo, maana nafasi zilikuwepo. Mama Eunsol alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kimchi, hakuingia wala kuondoka.

Tak aliingoja hasira ya mwanawe. Angeipokea kwa shukrani, angeinamisha kichwa apigwe nayo.

"Kwa hiyo siyo mashine," Jaegil akasema.

"Mashine gani?"

"Ya kupulizia dawa. Nilikuwa darasa la sita. Nilitaka kukusaidia, nikatia petroli tupu bila kuchanganya oili, injini ikakwama. Niliogopa kukwambia. Nikairudisha pale ilipokuwa, nikaifunika turubai. Halafu kiangazi kile kile ukaacha kunisemesha. Nikasema, Baba kaijua." Alikuwa anaongea akiitazama sakafu. "Nilingoja unipige, yaishe. Hukunipiga. Unadhani kwa nini nilisomea injini? Nilitaka nije siku moja niifungue, niitengeneze mbele yako. Nilipohitimu nikaja nikaitafuta, haipo."

Tak alijaribu kuikumbuka mashine hiyo. Alikuwa nazo nyingi, zimekuja na kuondoka, zote zinakwama, zote zinavuja. Alijikaza, akafumba macho, akaitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu, na hakuipata.

"Sikumbuki," akasema. "Mwanangu, wallahi siikumbuki. Labda niliiuza chuma chakavu."

Jaegil akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati, akajifuta uso kwa mkono ule wa oili ukamwachia alama shavuni. Akasimama. Akaenda mlangoni, akapokea ndoo kwa mama yake, akageuka.

"Jina nitalichukua, Baba," akasema. "Ila huyu, akikosea, mgombeze. Usije ukamnyamazia."